Moto wa Juu

Keki ya jiko la mkaa huiva kwa moto wa juu. Wa chini ni makaa machache yaliyokwisha kupata majivu, chini ya sufuria kubwa iliyotandazwa mchanga mkavu. Juu ya mchanga linakaa bati la keki, juu ya sufuria unakaa mfuniko bapa, na juu ya mfuniko hupangwa makaa mekundu, mengi kuliko yale ya chini. Ukigeuza mpango huo kitako kinaungua huku uso ungali rojo. Hayo niliyajua kabla sijaweza kusoma saa, kwa sababu nyumbani kwetu Marangu, upande wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, mkesha wa Krismasi ulikuwa na vyeo, na cheo kilichoheshimiwa kuliko vyote kilikuwa cha mtu wa moto wa juu. Kilikuwa cha Baba.

Wanaume wa rika lake walikuwa na jiko lao, nalo lilikuwa nje: mbuzi, kisu, moto wa kuchomea ndafu na mazungumzo marefu. Jikoni kwa wanawake walipita kuomba kaa la kuwashia sigara, wakaondoka. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mama alikuwa na watoto wadogo, mwiko mkononi, na bati moja tu la keki ambalo lilipaswa kuingia motoni tena na tena kabla ya jua kuzama. Akamwambia, "Baba Watoto, keki haina mtu wa moto." Aliisema kwa sauti ya kutangaza nafasi ya kazi, na Baba akaichukua. Akavuta kigoda, akashika koleo, na tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyekalia kigoda kile siku ya kuoka mpaka yeye mwenyewe aliponikabidhi.

Nilipopata nyumba yangu ndipo nilipoelewa ukubwa wa alichofanya Mama. Mtu anayeletewa keki mezani ni mgeni wa sikukuu hata akiwa ndiye mwenye nyumba. Aliyekaa na moto wake saa nzima, akahamisha kaa moja moja kufuata upande unaochelewa kubadilika rangi, huyo ana hisa ndani yake. Baba hakuwa mtu wa kusema mapenzi. Ila siku ile alikuwa anajua ni keki gani iliyoiva vizuri na kwa nini, na alikuwa akisimulia wageni habari zake moja baada ya nyingine. Sisi watoto tulimsikiliza na tukaona kwamba naye yumo.

Wanaosikia habari za Wachaga na Krismasi aghalabu husikia habari za safari: mabasi yaliyojaa kutoka Dar es Salaam, nauli, magari yaliyofuatana kupanda kutoka Himo. Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi kwenye reli ya Moshi baada ya miaka mingi, ikawahi msimu huo huo wa watu kwenda nyumbani. Kinachosimuliwa kidogo ni kile kinachowangoja wakifika, nacho ni kazi. Mgeni wa kwanza alifika na begi lake, akamwamkia Bibi, akanywa chai, na kabla kikombe hakijakauka alikuwa ameshapewa fyekeo. Ua ulipunguzwa, njia ikafagiliwa hadi barabarani, kuta zikapigwa chokaa. Dada zangu walikuwa na vitambaa vya makochi, vile vya kufuma kwa sindano ya mkono, ambavyo vilifuliwa, vikapigwa wanga wa muhogo, vikanyooshwa vikiwa na unyevunyevu ili visimame. Bibi, mama yake Baba, alishughulika na mbege, pombe yetu ya ndizi, na hiyo haikusubiri wageni. Ndizi mbivu zilichemshwa na kuachwa siku kadhaa, ulezi uliooteshwa ukasagwa, gome la msesewe likatiwa kwa uchungu wake, na tarehe zote hizo alizihesabu kichwani kurudi nyuma kutoka tarehe 25.

Mama alizaliwa Kilema, Baba Marangu. Ni majirani kabisa, lakini katikati yao ulipita mpaka ambao mtu wa nje asingeuona. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig walianzia Machame mwaka 1893, wakasambaa kuja upande wetu. Tangu hapo watu wa mlimani wakagawanyika kwa misheni, mtaa huu huku na mtaa ule kule, na ndoa iliyovuka mpaka huo ilikuwa na vikao vyake. Mama alipoolewa alihamia kwa Walutheri. Lakini alikuja na pango.

Pango la Noeli lina asili inayojulikana. Mwaka 1223, huko Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi aliwaandalia watu hori lenye nyasi, pamoja na ng'ombe na punda, ili waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao Yesu. Mti nao ulitufikia kwa njia ya Wajerumani, ambao kwao desturi ya kupamba mti nyumbani imekuwapo tangu karne ya 16. Kwa hiyo sebule yetu ndogo ilikuwa inapokea mapokeo mawili, na mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa maelezo ya Mama, jamaa walitaka kujua lipi litapewa nafasi. Bibi ndiye aliyekata shauri: "Mti una ukuta wake, pango lina ukuta wake." Hakuongeza neno. Nimeshuhudia vikao vya watu wenye elimu kubwa vikishindwa kufika hapo alipofika yeye kwa sentensi moja. Kwangu hilo limebaki kipimo: unapopanga nyumba ya watu waliotoka katika malezi tofauti, anza kwa kugawa kuta, wala usiwataje washindi.

Pango lilijengwa na watoto. Udongo tuliuchimba kwenye kingo za mfereji, ule mfereji wa maji unaokatiza vihambani, mashamba yanayozunguka nyumba zetu, tangu enzi za mababu wa mababu, na juu ya mawe yake tulibandua majani laini ya kijani yanayoota penye maji, tukayatandaza chini kuwa malisho. Tulifinyanga Maria, Yosefu, wachungaji, mbuzi wengi kuliko walivyohitajika, na mamajusi. Ngamia hatukuwa tumemwona, kwa hiyo mamajusi wetu walisafiri na ng'ombe wa nundu.

Hori halikutusumbua hata kidogo. Kihamba hakina pa kuchungia. Migomba, mibuni na magimbi vinakuja hadi mlangoni, ndiyo maana ng'ombe hufungwa na kukatiwa majani akaletewa alipo. Katika nyumba ya zamani ya Bibi, ile ya kuezekwa kwa nyasi, ng'ombe alikuwa ndani, upande wa pili wa moto, na wajukuu tuliolala kwake tulilala tukisikia akicheua. Tulijua joto la pumzi yake asubuhi ya baridi. Mwalimu wa shule ya Jumapili alipofika kwenye mtoto aliyelazwa horini, alitazama macho yetu akaona hakuna swali. Tulijua hori ni wapi, tulijua ni nani huamka usiku kuliongezea majani, na tulijua kwamba mtoto akilala pale hatapata baridi. Nimeona mapango ya plasta, mazuri, yenye taa ndani, yaliyonunuliwa madukani, na sina ubaya nayo. Ila mtoto aliyefinyanga mbuzi wa pango kwa mkono wake haisahau ile hadithi. Ameishika, ikamkaukia kwenye kucha.

Mti ulikatwa kwenye ua wa miseprasi: tawi moja refu kuliko mtu, lililochaguliwa mapema na kuzungukwa na ugomvi wa watoto tangu Novemba. Lilisimamishwa kwenye debe la mawe na udongo, debe likavishwa kanga. Harufu ya mseprasi uliokatwa karibuni ilijaa nyumba nzima na kuchanganyika na ya iliki. Nyota ya juu ilikuwa vijiti vya mwanzi vilivyovikwa karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara, ambazo watoto wa mtaa mzima walikuwa wakizikusanya tangu kipupwe. Karatasi za rangi zilikatwa vipande vyembamba, zikasokotwa, zikatundikwa kutoka kona hadi kona. Kadi zilizoletwa kwa posta hazikuwekwa kabatini. Zilipangwa kwenye uzi ukutani, za miaka iliyopita pamoja na za mwaka huo, na mgeni aliyeandika kadi yake aliitafuta kwa macho mara tu alipoketi. Mishumaa midogo iliwashwa mara moja tu, wakati wa kuimba, ndoo ya maji ikiwa karibu na mkono wa Baba.

Na pamba. Watu wengine wamewahi kuniuliza kwa nini Waafrika wa nchi ya joto hubandika pamba kwenye mti kuiga theluji wasiyoijua. Kwa Mtanzania wa Dar es Salaam swali hilo lina uzito, na pale pwani Desemba ina mti wake yenyewe, ule wenye maua mekundu yanayofunika matawi yote, ambao watu huuita mti wa Krismasi bila kuhitaji pamba. Lakini kwetu ulifungua mlango asubuhi kabla ya mawingu, ukainua macho, na Kibo ilikuwa hapo na barafu yake, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Watoto wa Marangu walipotia pamba kwenye mseprasi walikuwa wakichora kilichokuwa dirishani. Wanasayansi waliopima barafu hiyo walikadiria kwamba kufikia mwaka 2007 asilimia 85 hivi ya eneo lililokuwa limefunikwa mwaka 1912 lilikuwa limekwisha kutoweka. Wajukuu wa Mama sasa wanauliza pamba ni ya nini. Nawaeleza, na nataka waendelee kuiweka.

Sasa sukari. Miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC ililimwa pale chini tambarare, kusini ya mji wa Moshi, lakini sukari yenyewe ilikuwa ya foleni. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuiacha nchi hoi. Unga wa ngano, mafuta, sabuni, vyote vilikuwa vya kusikia vimefika wapi na kukimbilia huko. Taveta, mji wa Kenya ulio karibu kabisa na Himo, ulikuwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa tangu Februari 1977. Katika hali hiyo Mama aliamua kwamba watoto wake watakula keki Krismasi. Alianza Sabasaba. Kila sukari ilipoingia nyumbani, iwe nyingi au robo kilo, aliondoa kijiko kimoja kabla ya mtu yeyote kuonja chai, akakitia kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa nyuma ya Biblia. Unga nao vivyo hivyo. Mwisho wa Novemba kopo lilikuwa zito, na hakuna aliyeweza kusema alinyimwa sukari siku gani.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Krismasi ya mwaka huo ilikuwa na kopo la Blue Band mezani, na tulilitazama sana. Lakini nikikumbuka keki zilizokuwa na ladha, sioni tofauti kubwa kati ya ile ya kopo la Taveta na zile zilizotangulia. Mama alikuwa amezoea kupanga, na mazoea hayo hayakuondoka uhaba ulipopungua. Hadi leo ana kopo.

Keki yenyewe ilianza kwa kinu. Punje za sukari zilikuwa nene, hazichanganyiki haraka na siagi, kwa hiyo zilitwangwa taratibu na kuchekechwa. Mayai yalitumbukizwa majini. Lililoelea lilitupwa, na lililozama bado lilivunjwa kwanza kwenye kikombe peke yake, maana yai moja bovu lingeweza kupeleka jitihada za miezi jalalani. Mayai ya kuku wa kienyeji hayalingani, hivyo kuhesabu hakusaidii. Mama alikuwa na mizani aliyofundishwa na mama yake Kilema: kijiti kilichofungwa uzi katikati, na vifuniko viwili vya makopo vikining'inia pande mbili. Upande mmoja mayai, upande wa pili sukari hadi kijiti kitulie. Halafu siagi kwa mayai yale yale. Halafu unga. Vitu vinne kwa uzito mmoja, na keki ya namna hiyo haikukosea. Miaka mingi baadaye, darasani, mwalimu alipochora ubaoni wenzo, egemeo na mizigo miwili, niliinua mkono kabla hajamaliza.

Kisha mwiko. Siagi na sukari vilipigwa upande mmoja, bila kugeuza, hadi rangi ikawa nyeupe. Kila mtoto alikuwa na zamu, na zamu ilipimwa kwa wimbo: beti mbili, mpe mwenzako. Mkono uliochoka haukulaumiwa. Ganda la limau likakwaruzwa, iliki ikapondwa, unga ukaingia mwisho kwa mkono mwepesi. Kuiva kulipimwa kwa sindano ya kufumia, ile ile ya vitambaa vya makochi, ikichomwa katikati na kutolewa. Ikitoka kavu, Baba anaondoa makaa.

Shangazi yetu, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alikuja mwaka mmoja na daftari la mapishi ya chuo. Alifuata kila kipimo, na keki yake ikapanda vizuri mno, ikapita ukingo wa bati, halafu ikazama katikati. Aliumia, maana Dar es Salaam haikuwahi kumfanyia hivyo. Mama akamwambia, "Wifi, huku punguza poda ya kuokea." Hakuwa na maelezo mengine ila kwamba huku mlimani ndivyo ilivyo, na alikuwa sahihi kabisa. Kwetu ni karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ina mkandamizo mdogo, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi badala ya 100, na mapovu ya gesi ndani ya rojo hutanuka kuliko yanavyotanuka pwani. Keki inapanda kabla unga na mayai havijakaza kuishikilia, kisha haina wa kuitegemeza. Dawa ni poda pungufu kuliko ile ya kitabuni, unga wa ziada kiganjani, na maziwa kidogo ya kuongezea unyevu unaopotea haraka. Shangazi aliandika hayo pembeni mwa daftari. Alipoondoka aliliacha kwa Mama, na maandishi ya pembeni yamekuwa mengi kuliko ya ndani.

Nawaambia hivyo vijana wanaorudi na mapishi ya kwenye simu. Kipimo kilichoandikwa mahali pengine kinastahili heshima, na mahali ulipo napo panastahili kusikilizwa.

Kuna mwaka mmoja ninaopenda kuueleza kwa urefu, ingawa haukuwa na furaha yote. Baba mkubwa na baba mdogo walikuwa hawasemezani. Sababu ilikuwa mpaka wa kihamba, hatua chache tu za migomba, lakini kwenye mlima uliojaa watu hatua chache ni urithi wa mtoto. Mpaka wa vihamba kwetu huwekwa kwa isale, mmea wenye majani marefu ya kijani ambao huota hata ukichomekwa tu, na mmea huo huo ndio wa kuombea radhi. Mtu akikuletea jani la isale amekuja kwa amani, na kulikataa ni jambo zito. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi Kilimanjaro sehemu kubwa ya miaka kati ya 1902 na 1938, aliandika mengi kuhusu desturi za Wachaga, na alishikilia kwamba kanisa lisimame juu ya ukoo, ujirani na rika badala ya kuvibomoa. Bibi hakuwahi kumsoma. Ila mwaka ule aliagiza kwamba mapambo ya mlango yawe ya isale tupu.

Tulikata majani mengi, tukayafunga pamoja na majani ya mgomba yaliyochanwa, tukapamba fremu ya mlango pande zote. Kila aliyeingia alipita chini yake. Kisha Bibi akagawa kazi, na kazi ya kuleta debe la mti kutoka uani ikawa ya wanawe wawili. Debe lenye mawe na mseprasi wa kimo kile halibebwi na mtu mmoja. Waliliinua. Njia nzima hawakusema zaidi ya "polepole" na "kata kushoto", na walipofika mlangoni ilibidi mmoja arudi nyuma mwenzake akimwongoza kukwepa kizingiti. Sisi watoto tulikuwa tumebana pumzi.

Ugomvi haukwisha siku ile. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu nimesikia simulizi nyingi za sikukuu ambamo mti na wimbo humaliza kila kitu. Walikula meza moja, wakaenda kulala kila mtu kwake, na Januari mambo yakawa yale yale. Uliisha mwaka uliofuata, mbele ya wazee, kwa kamba ya kupimia na maneno mazito na isale iliyopandwa upya mahali walipokubaliana. Lakini baba mdogo aliwahi kuniambia kwamba siku alipoamua kwenda kwenye kikao hicho alikuwa amekumbuka jinsi kaka yake alivyosema "polepole" pale kizingitini, kwa sauti ya zamani, ya wakati walipokuwa wavulana wakibeba majani ya ng'ombe. Bibi alikuwa amewapa wanawe neno moja la kuanzia. Sikukuu inaweza hilo, na mimi naliona ni kubwa.

Siku hizi nyumba ya Marangu ina umeme na jiko lenye oveni. Mti upo wa plastiki, ulionunuliwa Kariakoo, na taa zake hubadilika rangi. Wajukuu wanaupenda, nami naupenda nikiuona umewaka gizani. Keki za kuagiza zina maua ya sukari ambayo mkono wangu hauwezi, na wanaozitengeneza wanalea familia zao kwa kazi hiyo. Siwezi kuwaambia watu waache kununua. Ninachoshikilia, na nitakishikilia mbele ya yeyote, ni kwamba mwenye nyumba asinunue kazi zote. Akinunua keki, aache biskuti za watoto kukata kwa mdomo wa gilasi. Akinunua mti, nyota itengenezwe. Kila anayefika mlangoni akute kuna kitu kinamsubiri yeye, hata akiwa ni mkwe mpya asiyejua mwiko unashikwaje, hata akiwa kijana aliyezama kwenye simu yake, hata mzee ambaye watu wameanza kumwekea kiti pembeni na kumwambia apumzike. Huyo wa mwisho zaidi ya wote. Baba alipoanza kupoteza nguvu za macho, kaka zangu walitaka asikae karibu na makaa. Mama alikataa. Alimweka mtoto mmoja kando yake kumwambia rangi, na Baba akasema weka hapa, ondoa pale, hadi Krismasi yake ya mwisho.

Keki ya nyumbani hailiwi yote nyumbani. Ikishapoa hukatwa, vipande vinapangwa kwenye sahani na kufunikwa vitambaa, na watoto wanatumwa. Hii ndiyo kazi wanayoigombea, kwa kuwa anayepokea sahani humpa mletaji pipi au sarafu. Wanakwenda kwa baba mdogo, kwa mjane wa baba mkubwa, kwa mwalimu mstaafu, kwa katekista wa upande wa Kilema, na sahani mbili huteremka kwa gari hadi Himo, kwa familia ya Waislamu ambao baba yao alifanya biashara ya kahawa na Baba. Sahani hairudi tupu. Hukaa huko hadi kuwe na cha kuwekwa juu yake, na kutoka Himo huwa ni pilau na visheti. Nilipompigia Mama juzi kumuuliza anahitaji nini kutoka Dar es Salaam, alisema sindano za kufumia, hamira na iliki. Nikamuuliza kama nimletee na sahani, maana najua mbili zimebaki Himo tangu Desemba. Akasema niziache zikae, Idd haiko mbali.